Ukindu wa Kijani

24 Machi
Idi imekwisha, kazi imeanza, na leo nimeshindwa kula mchicha. Nimeupika mwenyewe, nimeutia nazi, nimeupakua, kisha nikaubeba vilevile nikampa jirani. Kutwa nzima nakata jiwe la kijani, nasugua jiwe la kijani, napenga makamasi ya kijani, halafu nirudi nyumbani nikute sahani ya kijani? Nimekula ugali kwa chumvi.

26 Machi
Nimelinunua daftari hili nipate pa kutemea, kwa hiyo niieleze kazi yenyewe. Karakana ya Fabiani iko hapa Kibiti mjini, nyuma ya maduka ya mabati na saruji. Jiwe linaitwa malakaiti, linakuja kwa malori kutoka Kongo. Kwa nje ni baya, mabonge mabonge, kama kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Ukilipasua ndani unakuta mistari ya kijani, mizito na myepesi, imezungukana duara ndani ya duara. Nakubali, ni jiwe zuri. Tunatengeneza shanga, pete, hereni, visanduku vidogo, na vifaru vya kukaa mezani ambavyo watalii wanaopita Mloka kwenda mbugani wanavigombania.

Tunalikata kwa maji ili vumbi lisiruke. Maji yanageuka tope, tope linajaa kwenye beseni, na linanuka kama sarafu iliyofumbatwa kutwa na mkono wenye jasho. Likikugusa mdomoni unaionja shaba siku mbili, hata chai inakuwa na ladha ya kitasa.

Ukutani Fabiani ameandika kwa rangi nyekundu: USILE HUMU. USITIE MKONO MDOMONI. Aliandika mwaka jana, baada ya Miraji, fundi wa mashine, kula chapati bila kunawa akatapika siku tatu. Miraji aliacha kazi akaenda zake Dar. Maandishi yapo.

27 Machi
Mvua. Bati linavuja juu ya meza yangu, si juu ya meza ya mwingine yeyote.

31 Machi
Fabiani ni mtu wa bara, mpole, sauti yake ya chini kama yuko kanisani. Hajawahi kunifokea. Ila anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu huku anaongea na mteja, kisha anakifuta kwenye suruali, kisha anamwandikia mteja risiti kwa kalamu hiyohiyo. Mimi nageuka ukutani.

Leo ameniita uani. Ametandaza bati, na juu yake amelianika lile tope. Limekauka, amelisaga, amelichekecha, limekuwa unga laini kuliko unga wa ngano. Kijani kitupu.

"Dada Sabra," akasema, "hiki tunakimwaga bure kila siku. Hii ni rangi. Kule hotelini wanataka mikeka yenye rangi ya asili, siyo hizi za dukani. Nimeongea na mnunuzi wao, anaitwa Elina. Shangazi yako si msusi?"

Nikamwambia ndiyo, na Mtawanya nzima hakuna anayemfikia.

"Basi hili litakuwa lako. Likienda vizuri unatoka kwenye mashine, unakuwa msimamizi. Nasema kweli."

Miaka minne nimekaa kwenye ile mashine. Nimelichukua lile debe la unga na kifuniko chake.

3 Aprili
Leo ni Ijumaa Kuu, karakana imefungwa, nimekwenda Mtawanya kwa bodaboda, debe nimelipakata.

Shangazi Mwanamina ndiye aliyenilea. Zamani walikaa visiwani huko delta, mume wake akikata mikoko, na alipofariki shangazi akahamia nchi kavu na binti yake Nasra na fungu la ukindu kichwani. Sasa ana kikundi, wanawake sita, wanasuka barazani kwake. Nasra ana mimba ya miezi sita na mdomo wa watu kumi na wawili. Ni binamu yangu na mtani wangu, hunicheka kwa kukinai kwangu, akaniona tu akapaza sauti:

"Jamani, mgonjwa wa tumbo kaja! Ficheni kinyaa chenu!"

"Ficha wewe hilo tumbo, limeingia barazani kabla yako."

Tumechanganya unga na uji mwepesi wa muhogo, tumeupaka ukindu utepe kwa utepe, tumeanika kwenye kamba. Mvua ilitupa saa tatu tu, zikatosha. Rangi imeshika. Niseme haki, ilipendeza mno, ukindu mweupe ubavuni mwa ukindu wa kijani, hata mimi niliyekinai nikausogelea kuutazama.

Kisha wakaanza kusuka.

Anayejua kusuka anajua. Utepe unachanwa kwa kucha na kumaliziwa kwa meno. Unalowanishwa kwa mate, unavutwa kati ya midomo uwe laini, na tepe zinazosubiri zamu zinashikwa mdomoni kwa sababu mikono ina kazi. Shangazi hutwambia tangu tukiwa wadogo kwamba ukindu wa maji ya ndoo hutepeta, wa mate hukaa. Wanawake sita, kila mmoja na tepe nne za kijani zimening'inia mdomoni.

Shangazi akatoa zake mdomoni akaniuliza, "Mwanangu, hii haina sumu?"

"Udongo tu wa mlimani, shangazi. Ni ya asili."

Akazirudisha.

Nilitaka kuwaambia wasitie mdomoni. Lilikuwa pale pale kooni. Nikafikiri, nikisema hivyo wataiacha rangi yenyewe, na Jumanne nitakaa tena kwenye mashine. Nikaaga nikaondoka.

6 Aprili
Jumatatu ya Pasaka. Mvua tangu alfajiri. Nimefua, hazikauki.

12 Aprili
Fabiani amenipa koti jeupe la msimamizi, mfuko una kitufe. Nimelivaa. Wenzangu wamenipongeza.

15 Aprili
Nimepeleka debe la pili. Nilikuta wamefikia mkeka wa tatu. Midomo yao kwenye kona ina ukijani uliokauka, na wakicheka meno yanaonekana kama ya mbuzi aliyetoka shambani. Nasra akanitolea ulimi.

"Dada, tumegeuka vinyonga. Mume wangu anasema akinibusu anahisi amebusu kufuli."

Wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nilicheka nao, na moyoni nilichukia. Niliyachukia yale meno, nikawachukia wao kwa kuyacheka, kana kwamba kosa ni lao. Shangazi akanisindikiza mpaka barabarani akasema siku hizi chakula hakimpandi.

"Mvua hizi, shangazi," nikamwambia.

16 Aprili
Chai ina ladha ya kitasa. Nimeimwaga.

17 Aprili
Mto umepanda. Kuna mahali vyoo vimejaa maji na yote yaliyokuwa chini yameelea juu, watu wanayapita kwa miguu mitupu. Redio inasema tuchemshe maji. Kila kijiji kina watu wanaotapika, Mtawanya pia. Fabiani akasema kwa ile sauti yake, "Unaona? Ni maji ya mafuriko. Mungu atusaidie." Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nimesikia watu wanatapika nikafurahi, maana kutapika kwa Mtawanya kumepata sababu isiyokuwa mimi.

22 Aprili
Barabara haipitiki.

28 Aprili
Imepitika leo, kwa bodaboda mpaka kalvati, kisha kwa miguu, tope la magotini. Nimebeba maziwa ya unga na sabuni, na debe la tatu.

Barazani walikuwa watatu tu. Wengine shangazi akasema wamelala, matumbo. Yeye mwenyewe amekonda, ngozi ya uso imemlegea, lakini vidole vinakwenda. Nasra alikuwa amekaa kaegemea nguzo, mdomoni hana ukindu. Hakunitania. Nikaketi karibu naye nikamwambia, "Leo umenisamehe?" Akataka kunijibu, akainuka, hakufika. Alitapika palepale kwenye ukingo wa baraza.

Nimezoea kukinai. Panya aliyekufa, jipu, kifuniko cha kalamu cha Fabiani, vyote hivyo nimevistahimili. Hiki sikukiweza. Kilichomtoka Nasra kilikuwa cha kijani, kijani cha samawati, na nilikijua kama mtu anavyojua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Kile nimekikata mimi, nimekisugua mimi, nimekibeba mimi juu ya bodaboda nimekipakata kama mtoto.

"Nyongo," akasema shangazi. "Mimba yenyewe ya mtoto wa kike, hutapisha. Hata mimi nilipokuwa na huyu nilitapika hivi."

Nikamshika Nasra kichwa. Nikampa maji. Nikamwambia, "Pumzika, usisuke." Shangazi akaniuliza kwa nini asisuke, kusuka kwa kukaa kunamchosha nini? Nikasema basi tu, apumzike. Watu wazima wawili wananitazama usoni na mimi nasema basi tu.

Debe la tatu sikulitoa kwenye mfuko. Lakini mawili yapo ndani kwake, na ukindu wa kijani umejaa kambani.

29 Aprili
Nimemkuta Fabiani uani anachekecha. Amevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na miwani ya kuchomelea, na glovu. Nikasimama mbele yake mpaka akazivua zote.

"Wanatia mdomoni," nikamwambia.

"Kina nani?"

"Wasusi. Ndivyo wanavyosuka. Nasra anatapika kijani na ana mimba."

Akazikung'uta glovu zake. Kisha akasema, "Wape maziwa. Maziwa yanakata."

"Hujashtuka."

"Dada Sabra." Sauti ileile ya kanisani. "Mimi kikundi hicho sikijui. Sijawahi kufika. Aliyewapelekea ni wewe. Aliyewaeleza namna ya kuitumia ni wewe. Maandishi haya ukutani umeyasoma miaka minne. Mimi nilifikiri umewaambia."

Akavaa tena barakoa zake akaendelea kuchekecha.

Ninachokichukia kuliko vyote ni kwamba hakusema uongo.

30 Aprili
Sikwenda kazini.

2 Mei
Nasra amezidiwa. Mume wake yuko Umwe kwa vibarua, nimempeleka mimi zahanati. Nesi wa pale anaitwa Bernadeta, mtu wa Sumbawanga, mwanamke mnene asiye na haraka. Zahanati imejaa watu wa kuharisha, ndoo kila kitanda, harufu isiyosemeka. Bernadeta akamfungua Nasra mdomo, akawasha tochi ya simu, akatazama ufizi, akatazama meno, akaizima.

"Mama, unatafuna nini?"

"Sitafuni kitu, nesi."

"Kuharisha kwa maji machafu hakupaki rangi kwenye meno." Akanigeukia mimi. "Wewe ni nani yake?"

"Binamu."

"Anatafuna nini?"

Nikasema labda ni rangi ya ukindu. Akauliza rangi gani. Nikasema ya jiwe. Jiwe gani? La kijani. Alinivuta neno moja moja kama anayeng'oa miiba. Alipomaliza akaandika barua ya kwenda hospitali ya wilaya, akaandika kwa herufi kubwa, kisha akaniuliza kwa upole, "Na hao wenzake wanaosuka, umeshawaambia?"

"Nitawaambia."

"Leo?"

"Leo."

Nasra alikuwa amelala pale, macho yamefumbwa. Sijui kama alisikia. Nikampandisha kwenye gari la hospitali, nikaenda naye, nikarudi Kibiti saa moja jioni. Mtawanya sikupita. Nilijiambia ni giza.

3 Mei
Leo pia nilikuwa niende. Nilifika stendi ya bodaboda, nikarudi.

4 Mei
Fabiani amenipigia asubuhi kama hakuna lililotokea. Elina anakuja kuchukua mikeka Mtawanya, anataka kuwaona wasusi kwa macho yake, na mimi msimamizi lazima niwepo. "Vaa koti," akasema.

Nimekwenda. Nililivaa koti.

Elina ni msichana mzuri, viatu vyake vyeupe na tope lote lile. Alishika mkeka wa kwanza akaupitisha mkono juu yake akasema hajawahi kuona kijani kama hiki. Kiganja chake kikabaki na vumbi, akakitazama akacheka.

"Ya asili?"

"Asili tupu," akasema Fabiani. "Jiwe la mlimani."

Wanawake watano walikuwa barazani, wamevaa vizuri kwa ajili ya mgeni. Shangazi alikuwa katikati, anasuka ili mgeni aone, na tepe tatu za kijani mdomoni. Binti yake amelala hospitali, na yeye bado anazing'ata, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia. Elina akainua simu ampige picha. Sikupanga lolote, mkono ulinyanyuka wenyewe, nikachukua utepe mmoja kambani nikampelekea Fabiani.

"Kaka Fabiani, mwoneshe mgeni wanavyofanya. Ushike kwa midomo."

Akacheka. "Mimi sijui kusuka, dada."

"Kushika tu. Uvute kidogo, uulowanishe."

"Acha utani."

"Sitanii. Udongo wa mlimani huu. Tia mdomoni."

Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono nyuma ya mgongo kama mtoto anayekataa dawa. Elina akashusha simu, akaanza kujifuta kiganja kwenye sketi, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu. Barazani vidole vyote vilikuwa vimesimama. Mmoja wa wanawake akazitema tepe zake mapajani.

Nikafikiri nimemaliza. Nikafikiri sasa wameona, wanajua mwenye kosa ni nani. Hata nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi mbili.

Shangazi akazitoa tepe zake mdomoni, akaziweka chini, akainuka kwa kushika nguzo. Akanifuata. Akautwaa ule utepe mkononi mwangu, akaugeuzageuza.

"Huyu mtu wa bara," akasema, "ni kweli hajui kusuka. Wewe unajua. Nilikufundisha mwenyewe, palepale anapokaa Nasra." Akanirudishia ule utepe. "Shika wewe."

Niliupokea. Niliunyanyua, naapa niliunyanyua mpaka kidevuni. Harufu ile ya shaba ikanifikia na mdomo ukajifunga wenyewe. Sikuweza.

Shangazi akangoja. Wote walingoja.

"Siku ile nilipokuuliza kama ina sumu," akasema, "ulijua?"

"Nilijua, shangazi."

Akatema mate chini, pembeni ya miguu yake. Yalikuwa ya kijani. Akayafukia kwa kisigino kama mtu anavyofukia kitu kisichotakiwa kuonekana na wageni, akawageukia wenzake.

"Haya, nendeni mkasukutue. Maji ya moto yapo jikoni. Kisha twende hospitali, sote."

Mimi hakunitukana, hakunifukuza. Hakuniangalia tena.

5 Mei
Fabiani amenipigia mara tisa. Sikupokea.

9 Mei
Nilikwenda kwa Bernadeta nikamweleza yote tangu mwanzo, akayaandika, nikatia sahihi. Amesema atayapeleka wilayani na huenda nitaitwa. Wanawake wanne wamerudi nyumbani. Shangazi amebaki hospitali, ini, wanasema litapona polepole. Nasra naye bado. Mikeka imezikwa shimoni, wameifukia wenyewe. Karakana imefungwa kufuli, na jana nimeambiwa lori la Fabiani limeonekana likielekea Lindi na mashine zote mbili nyuma.

Koti bado ninalo. Sijui nilipeleke wapi.

20 Mei
Mvua imepungua. Nauza maandazi.

7 Juni
Nasra amejifungua, kabla ya wakati, mtoto wa kike, mdogo lakini analia vizuri. Shangazi aliruhusiwa wiki iliyopita. Habari hizi nimezipata kwa muuza samaki, si kwao.

Nimenunua sabuni ya mtoto na kanga moja nikaenda. Nilipiga hodi, shangazi akatoka. Amezeeka. Nikamwamkia, akaitikia. Akapokea mfuko kwa ncha za vidole, akatoa ile kanga, akainusa, akaitia kwenye beseni la maji hapohapo mbele yangu.

"Nawa," akaniambia.

Nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nikasogea mlangoni.

"Nawa tena."

Nikanawa tena. Ndani nilimwona Nasra amekaa kitandani na kifurushi kifuani, ananitazama juu ya bega la mama yake. Nilitegemea tusi. Ningelipokea tusi lake kwa mikono miwili. Hakunitania.

Nikarudi mlangoni mara ya tatu, mikono imelowa, nimeiinua mbele waione. Shangazi akaitazama upande mmoja, akaitazama upande wa pili. Kisha akasimama katikati ya mlango.

"Mwangalie hapo hapo ulipo," akasema.

Nasra akaufunua uso wa mtoto. Nimemwangalia, nikaaga.